Anavyoanguka Aliyefundishwa

Taimur alianguka kwa ubavu wa kulia, na ngumi zake mbili zilikuwa zimeshakunjwa kabla kiuno hakijagusa barafu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya kiwanja cha kuteleza, nimepakata mikoba ya watu wote, na nilimwona vizuri kabisa. Hakutapatapa. Hakunyoosha mkono kujikinga. Alijigeuza akapiga magoti, akasimamisha mguu wa kushoto, akaweka viganja viwili juu ya goti lile, akainuka macho yakiwa mbele. Halafu akaushika ukuta kwa nguvu na miguu ikaanza kumtetemeka, kama mtu aliyekumbuka kwamba anatakiwa atetemeke.

"Ya kwanza hii, khala," aliniambia akicheka, huku anajivuta ukutani mpaka nilipo. "Wallahi sijapata kukanyaga barafu."

"Pole, mwanangu. Hukuumia?"

"Hata kidogo."

Utaumiaje, nikasema moyoni. Mtu aliyefundishwa kuanguka haumii. Asiyefundishwa huanguka na makalio, au hutanguliza viganja mbele, vidole vimetawanyika kama anataka kupima barafu ina shubiri ngapi. Kukunja ngumi ili viatu vya watu visikupitie juu ya vidole si jambo linalomjia mtu lenyewe. Linafunzwa, tena linarudiwa mpaka linaingia mwilini.

Nilifanya kazi ya forodha katika uwanja wa ndege tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Kazi ile ilinifunza kutosikiliza maneno, kwa sababu maneno kila mtu anayo. Nilikuwa natazama mabega, mikono, na namna mtu anavyoliweka begi lake mezani. Sasa nimestaafu mimi, macho hayajastaafu. Nikinunua samaki namfunua matamvua, na muuzaji akianza kuniapia namfunua na wa pili. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba kila akirudi nyumbani anajihisi yuko kwenye foleni ya kukaguliwa.

Na kijana huyu aliyeapa kwa jina la Mungu kuwa hajapata kukanyaga barafu ndiye aliyekuja kumposa mwanangu Jawaher.

Posa yenyewe ilikuja vizuri. Mama yake Taimur, Bi Mwanamize, alimwona Jawaher harusini Qurayyat akipitisha kahawa, akanifuata moja kwa moja nilipokaa. "Shoga, huyu binti wa nani?" akaniuliza. Nilijisikia. Watu wao walikaa Tabora kabla ya kurudi Oman na sisi watu wa Unguja, lakini tulizungumza siku ile mpaka halwa ikatuishia mbele yetu. Baadaye nikaulizia habari zao, kama ilivyo desturi. Kila niliyemuuliza aliwasifu. Kijana mhandisi wa maji, hana makuu, anasali, anamheshimu mama yake. Hakuna hata mmoja aliyetia doa, na hilo peke yake lilinikosesha raha.

Baba yake Jawaher alifariki mwaka juzi, kwa hiyo walii wake wa kumwozesha ni ami yake, shemeji yangu Humaid. Humaid alinipigia simu akaniambia, "Shariffa, mie kazi yangu kutia mkono tu. Neno ni lako, wewe ndo mama. Lakini Ijumaa baada ya sala wanataka jibu, na jibu ni ndiyo au siyo."

Ndiyo maana Jumamosi ile tulikuwa pale. Familia mbili zilikubaliana kutoka pamoja, ili vijana waonane mbele ya wakubwa kabla jibu halijatoka. Shauri la kwenda kwenye barafu lilikuwa la Shurooq, dada yake Taimur, ambaye ana binti mdogo anaitwa Noof. Jawaher alikataa kuingia. "Mama, mie naogopa, ntavunjika," alisema, akakaa kando yangu. Ila alipoona Shurooq amekuja na kandambili na miguu mitupu, alifungua mkoba wake akatoa jozi ya soksi nzito za sufu, akampa. Nje mwezi wa Juni unachoma, na mwanangu ana soksi za sufu mkobani! Nikamsifu kimoyomoyo kwa kuwa mtoto wa kujiandaa, macho yangu yakiwa hayamtoki Taimur.

Sasa mtu ataniuliza, mwanamke wa makamo kama mimi nimeyajulia wapi mambo ya ngumi na magoti kwenye barafu. Nimeyajulia palepale. Kila Jumatano asubuhi kiwanja kile kina saa yake ya wanawake, na mimi ni mmoja wao.

Ilianza kwa goti. Daktari alinitaka nitembee, na nje hakutembeki, basi nikawa nazunguka ndani ya jengo la maduka pamoja na wanawake wengine wenye magoti yao. Siku moja nikasimama kwenye kioo cha kiwanja cha barafu nikitazama wanawake wa umri wangu wanavyokwenda, wengine wanaseleleka vizuri, wengine wanajivuta ukutani, na nikajiambia hawa wana wazimu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshavaa viatu vyenye kisu chini. Kule ndani kulikuwa na baridi nzuri, na hakuna aliyenitazama kwa huruma, wala kuniuliza naendeleaje na msiba. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena, na nilipotoka nilikuwa na furaha ambayo niliionea haya.

Jawaher nilimwambia nakwenda mazoezi ya goti. Sikusema uongo. Goti ndilo kitu cha kwanza wanachokufunza pale: likunje. Lakini yaliyobaki sikumwambia, na sababu ninayo. Mtoto yule tangu alipofiwa na baba yake alikuwa hacheki. Akitoka kazini Khuwair ya Kusini anakula, ananiuliza kama nimekunywa dawa, anaingia chumbani kwake. Jumanne ndiyo kabisa, kwani ofisini kwao kuna kikao kinachomchelewesha, akirudi uso wake umetulia kama wa mtu anayetoka kuhani msibani. Mimi nitamwambiaje binti kama huyo kwamba mama yake, mjane, anakwenda kuteleza kwenye barafu na kufurahi? Bora goti.

Jumatano baada ya ule mtoko nilikwenda darasani kwangu nikiwa na jambo rohoni.

Mwalimu wetu wa asubuhi ni Nduku, binti wa Kikenya aliyejifunza kuteleza Nairobi, na mtu akimcheka kwa hilo humjibu kwamba kwao baridi ipo bure. Alinitazama nikifanya mzunguko mmoja tu, akanifuata.

"Mama Shariffa, leo umekaa nyuma. Uko na nini?"

"Sina kitu."

"Uko na kitu. Uzito wote uko kwa visigino. Ukiogopa unarudi nyuma, na ukirudi nyuma utaanguka na kichwa, na mimi sitaki kesi. Yalla, kunja magoti. Zaidi. Magoti yafike juu ya vidole vya miguu. Kifua mbele kidogo, kiuno usikikunje. Mikono?"

Nikaileta mikono mbele, chini kidogo ya kifua, kama nimeshika sinia la vikombe. Hivyo ndivyo alivyonifunza tangu mwanzo, ushike sinia na vikombe visimwagike.

"Na macho, mama! Unatafuta nini huko chini? Viatu haviendi popote bila wewe."

Nikainua macho. Nikaweka visigino pamoja na vidole nje, nikasukuma kwa mguu wa kulia, nikaachia, nikasukuma kwa wa kushoto, na mwili ukaanza kwenda wenyewe. Nduku alikuwa akienda kinyumenyume mbele yangu, amenielekea, kama mtu anayemfunza mtoto kutembea. Nikaona huo ndio wakati.

"Nduku, wanaokuja jioni unawajua?"

"Wengine. Jioni ni ya Loai, lakini nikiwa zamu ya kugawa viatu ninawaona."

"Kuna kijana mmoja mrefu, ana miwani, ana kovu hapa kidevuni. Akianguka anainukia mguu wa kushoto."

Nduku akacheka. "Taimur! Huyo ni wa Jumanne. Alikuja hajui kusimama, sasa anateleza vizuri kabisa. Unamjua?"

"Mtoto wa jamaa."

"Basi na msichana wake utakuwa unamjua."

Nilirudi nyuma mwili mzima. Sinia likaruka, vikombe vikaruka, nikaanguka chali, na kama si Nduku kunidaka shingo ningelipiga barafu kwa kisogo.

"Ngumi, mama! Kunja ngumi! Hayo yote nimekufunza ya nini?"

"Msichana gani?" nikamuuliza nikiwa nimelala palepale.

"Inuka kwanza."

"Msichana gani, Nduku?"

Aliponiona siinuki akachuchumaa kando yangu. "Jina silijui. Anavaa kofia ya sufu mpaka kwa macho, na barakoa, kwa sababu ya baridi. Lakini huwezi kumsahau, mama. Anacheka! Akianguka anacheka, akiinuka anacheka, mpaka watu wa nje wanasimama kuangalia ni nani. Taimur ndiye alimfunza. Na ni watu wa adabu, usifikirie vibaya, hawashikani hata mikono. Yeye anashika ncha moja ya skafu, Taimur anashika ingine, anamvuta hivyo mpaka ajue."

"Zamani hiyo?"

"Zamani gani? Jana walikuwa hapa."

Jana. Posa iko mezani kwangu, jibu linangojwa Ijumaa, na bwana huyu jana alikuwa akimvuta mwanamke kwa skafu. Nikainuka kwa goti moja, mikono juu ya goti, na hasira iliyonishika siku ile ilinipeleka mzunguko mzima bila kutetereka. Nduku alinipigia makofi. Hakujua kilichonisukuma.

Nilimngoja Jawaher nyumbani. Nyumba yetu iko Madinat Sultan Qaboos, na kutoka jikoni naliona geti. Gari lake liliingia, akachukua muda kama kawaida yake kabla hajashuka, akaja jikoni kujimiminia chai.

"Jawaher, Taimur ana mwanamke."

Birika lilibaki hewani. Akaliweka chini polepole. "Nani kakwambia?"

"Nnajua."

"Kwa nani, Mama?"

Nikimtaja Nduku nitalitaja na darasa. "Watu," nikasema.

"Watu gani? Wamemwona wapi?"

"Jawaher, anayehojiwa mie au yeye? Aliniapia mbele yako kuwa hajapata kukanyaga barafu. Kaapa wallahi! Kumbe kila Jumanne yuko palepale na msichana, wanachekeana mpaka watu wanajaa. Mtu anayeapa uongo kwa jambo dogo hivyo, kwa kubwa atafanyaje?"

Alishika meza. Rangi ilimtoka usoni, mabega yakampanda mpaka masikioni. Forodhani mabega yale ningeyasimamisha, na begi ningelifungua mpaka kitambaa cha ndani. Kwa mwanangu niliona uchungu tu. Masikini, nikasema, keshampenda. Roho iliniuma sana, na nilimchukia Taimur kama sijapata kumchukia mtu.

"Pengine ana sababu," alisema kwa sauti ndogo. "Muulize mwenyewe."

"Ntamuuliza. Kesho jioni, hukohuko kwenye barafu."

"Kwa nini kwenye barafu?" aliuliza haraka.

"Huyo mwalimu wao wa jioni atakuwepo. Nnataka nimweke naye uso kwa uso, nimtazame. Mpigie Shurooq, mwambie mama kaipenda ile siku, tunataka kurudia. Na usimwambie zaidi ya hilo."

"Mama, tafadhali, yaani..."

"Mpigie."

Kisha nikampigia Humaid. "Shemeji, jitayarishe. Jibu huenda likawa siyo."

"Subhanallah. Kafanya nini kijana wa watu?"

"Kesho ntakwambia."

Alhamisi jioni kiwanja kilikuwa na watu wengi. Loai alikuwa katikati kabisa ya barafu na kundi la watoto, na nikaona kwamba nikibaki kwenye benchi sitamfikia, wala sitayaona mabega ya Taimur kwa karibu. Basi nikasema na mimi nitaingia. Jawaher alinitolea macho.

"Wewe, Mama? Na goti lako?"

"Ntashika ukuta. Na wewe unaingia. Hukai kwenye benchi leo."

"Mama, naogopa."

"Ingia, Jawaher. Nnataka uwe karibu usikie kwa masikio yako."

Nikajifunga baibui kiunoni lisije likashika kisu cha kiatu, nikavaa viatu vile vyenye kamba ndefu, nikajitahidi kuzifunga kijinga kijinga, kama mtu asiyejua. Tukaingia. Taimur alitangulia, mimi nikafuata, Jawaher nyuma yangu. Kila mmoja ameshika ubao wa ukutani kwa mikono miwili, kila mmoja miguu inamtetemeka. Taimur alikuwa anapiga kelele ndogo ndogo za hofu. Mimi nilikuwa nasema "Ya Rabbi, ya Rabbi." Jawaher alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Shurooq alisimama mlangoni pa kiwanja amebana midomo, nikadhani ni baridi. Ningekuwa nje ya ukuta nikitazama, ningetukamata sote watatu kwa mpigo mmoja.

Tulipofika usawa wa Loai, Loai aligeuka. Alimwona Taimur, mkono wake ukainuka kumsalimu, kisha ukateremka ghafla, akajifanya anamfunga mtoto kofia. Nikauona mkono ule ulivyopanda na ulivyoshuka.

"Taimur, mwanangu," nikasema kwa upole. "Yule mwalimu kama anakutambua. Mnajuana?"

"Hapana, khala."

"Hamjuani kabisa?"

"Kabisa, khala."

Mabega yake yalikuwa juu. Nimekushika, nikasema. Nikajigeuza vizuri nimwelekee, nikavuta pumzi nimwambie yote kwa mpigo mmoja, Jumanne, msichana na skafu yake, kisha nimwambie Jawaher atoke, twende zetu nyumbani, na Humaid aarifiwe leo hii hii.

Sikuwahi. Noof, yule mtoto wa Shurooq, alikuwa akisukuma lile sanamu la plastiki wanalowapa watoto kushikilia. Akaliachia. Akateleza kwa tumbo na kuja moja kwa moja miguuni mwa Jawaher, vidole vyake vidogo mbele ya visu vya viatu.

Jawaher aliachia ukuta. Alikunja magoti, akajisukuma kwa mguu mmoja, akamzunguka yule mtoto kwa nusu duara safi, mikono mbele, macho mbele. Alimkwepa kabisa. Kisha ncha ya kiatu ikang'ang'ania barafu, akayumba, na nikaona anashuka.

"Magoti, Jawaher!" Taimur alipiga kelele. Siku zote mbele yangu alikuwa akimwita "binti yako, khala."

Alianguka kwa ubavu wa kulia. Ngumi mbili zilikuwa zimekunjwa kabla kiuno hakijagusa barafu.

Halafu akacheka.

Kicheko kilianza na mguno, kama mtu anayejizuia, kikamponyoka, kikapanda, kikaenda mpaka kwenye paa la kiwanja kile. Watu waligeuka. Nje ya kioo mwanamume mmoja aliyebeba mifuko ya sokoni alisimama kutazama ni nani. Kicheko kile nilikijua. Nilikuwa nikikisikia kutoka sebuleni, yeye na baba yake wakitaniana, nami nikiwapigia kelele kuwa majirani watasema. Kilikoma siku moja na baba yake, na mimi nilishakata tamaa ya kukisikia tena.

Jawaher akapiga magoti, akasimamisha mguu wa kushoto, akaweka mikono miwili juu ya goti, akainuka macho yakiwa mbele. Na mbele yake nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimesimama katikati ya barafu, ukuta uko mbali nyuma yangu. Alipoanguka nilikwenda kwake, sijui hata nilivyokwenda. Nilikuwa nimefunga breki kwa kutanua visigino, unga wa barafu umejikusanya pembeni ya viatu vyangu, magoti yamekunjwa na mikono imeshika sinia.

Kicheko kilikatika.

"Mama?" alisema. "Umefikaje hapa?"

Nikasema lile nililozoea kulisema. "Mazoezi ya goti."

Akanitazama viatu, akanitazama mikono.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Kikao cha Jumanne."

Niseme kweli, nilikasirika. Mtu wa kwanza kunipitishia begi mbele ya macho yangu, na ni wangu wa kumzaa! Na kwa kuwa kumkasirikia yeye nilikuwa siwezi, baada ya kile nilichokisikia, nikamgeukia Taimur. Alikuwa amekuja, wima, bila ukuta wala mtetemo, amevua miwani anaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Mamako kule Qurayyat," nikamwambia. "Alinijia mbio kuniuliza binti wa nani. Alikuwa anajua?"

"Khala, nisamehe." Alikuwa na haya mpaka masikioni. "Alikuwa na picha yako kwenye simu, asije akakosea mama."

"Na kiapo? Umeniapia wallahi!"

"Nimefunga siku tatu za kafara ya kiapo kile, khala. Leo ya mwisho, hata maji sijanywa. Nilijua nimekosa tangu pale kwenye benchi."

Shurooq kule mlangoni alikuwa amejifunika uso kwa shela, mabega yanamtikisika, na haikuwa baridi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Jawaher. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mie ningekukatalia?"

"Si kukataliwa, Mama." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ningekwambia vipi? Wewe umekaa ndani na msiba wako, hucheki, hutoki ila kwa goti lako. Mie nije nikwambie kuwa nnafurahi? Nilikuwa nnaona haya. Kila Jumanne nikifika nyumbani nnakaa kwanza garini, nje ya mlango, mpaka uso ukae sawa. Ndo nnaingia."

Nilimtazama mwanangu kwenye baridi ile, mtandio umemwendea upande, goti la suruali limelowa. Nilikumbuka gari linavyoingia getini na anavyochukua muda kabla hajashuka, na jinsi nilivyokuwa nikimwona kutoka jikoni kila wiki nikisema masikini amechoka. Na nikajikumbuka mimi Jumatano mchana, nimekaa palepale uani garini, natazama kioo, nakunja midomo ili furaha isionekane mtoto asije akaumia.

Watu walikuwa wanatupita kulia na kushoto. Nilimshika mkono, na kwa kuwa hatukukunja magoti, tuliyumba sote wawili tukakaribia kuanguka. Taimur akatutupia ncha ya skafu. Jawaher akaidaka, na akacheka tena, kidogo, akinitazama kwanza kama kwamba anaomba ruhusa. Nikacheka na mimi.

Simu ilikuwa inatikisika mfukoni. Humaid. Alikuwa amengoja tangu jana, na subira haijapata kuwa sifa yake.

"Shariffa, niambie. Wazee wao wameshanipigia. Huyo kijana ana mwanamke au hana?"

"Anaye," nikasema. "Nnamjua mpaka mamake. Waambie kesho waje."